DALILI YA MVUA NI MAWINGU
Somo la robo hii: Kutambua mapema ukali wa mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili



Robo hii tunajifunza juu ya watoto ambao hawatajwi sana katika vikao vyetu. Ni wale wanaolazwa kwa matatizo ya akili, na ambao wakati mwingine hupiga, huuma au huvunja vitu. Kwa familia ya Matema, Mwaya au Ipinda, matibabu huanzia zahanati, kisha Kyela mjini, na ikishindikana ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu hadi Mbeya. Wodi za akili zilizotengwa kwa watoto peke yao ni chache mno nchini. Mtoto mkali akiwa katika wodi iliyojaa, walio hatarini ni wengi: mtoto wa kitanda cha pili, muuguzi, mama anayemuuguza, na yeye mwenyewe, kwani watu wakiogopa hukimbilia kamba na fimbo.

1. Je, ukali hujulikana mapema?
Ndiyo, kwa kiasi. Huko Norway iliandaliwa orodha ya dalili sita ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi: kuchanganyikiwa, hasira za haraka, kelele na fujo, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, na kushambulia vitu. Kila zamu muuguzi hutoa alama 1 kwa kila dalili aliyoiona. Alama 3 au zaidi ni onyo kwa saa 24 zinazofuata. Orodha hiyo iliandaliwa kwa watu wazima. Kwa watoto, wataalamu wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walichapisha mwaka 2011 orodha ya maswali 14 ya kujazwa mtoto anapopokelewa. Jambo moja linasaidia sana kuliko mengine: ukali uliokwisha kutokea, hasa wa siku za karibuni. Kwa hiyo mzazi anayeeleza vizuri habari za nyumbani ni msaada mkubwa kwa daktari.

2. Utabiri si hukumu
Tuchukue mfano wa kufikirika. Wodi ina watoto 20, na 2 kati yao watapiga mtu leo. Orodha inawataja hao 2, lakini inawataja na wengine 4 ambao hawatapiga mtu yeyote. Katika watoto 6 waliotiwa alama, 4 hawana kosa. Orodha haikuharibika, ndivyo ilivyo kila tunapotabiri jambo lisilotokea mara nyingi. Basi kinachofuata baada ya alama lazima kiwe kitu ambacho hata asiye na kosa atafaidika nacho: kukaa naye karibu, kumpeleka mahali patulivu, kumpa chakula. Onyo likileta kamba, tumewaadhibu watoto 4 kwa jambo ambalo hawakulitenda.

3. Tuulize chanzo
Wilaya yetu ina mvua nyingi na malaria. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Blantyre, Malawi, waliopona malaria ya ubongo, walitangaza mwaka 2010 kwamba kifafa na matatizo ya tabia yaliwapata zaidi kuliko watoto wengine. Tena mtoto aliyetoka kuanguka kifafa huweza kuchanganyikiwa, na akishikwa kwa nguvu hurusha mikono. Huyo hagombani na mtu. Maumivu, njaa, uziwi, madhara ya dawa, na kupigwa au kudhulumiwa nyumbani huweza pia kuleta ukali. Kabla ya kuuliza "Atapiga?" tuulize "Anaumwa nini?"

4. Kamati ifanye nini?
(a) Imsaidie mzazi kuandika kabla ya safari: mtoto alimpiga nani na lini, nini kilitangulia, nini humtuliza, amewahi kuanguka kifafa, anatumia dawa gani.
(b) Ihakikishe anayemsindikiza anaweza kutafsiri. Mtoto anayejua Kinyakyusa tu, akihojiwa na mgeni kwa Kiswahili, huonekana mkaidi kumbe hajaelewa.
(c) Karatasi hiyo ni ya daktari. Isisomwe kikaoni wala kutangazwa kanisani. Mtoto akishaitwa "mkali" au "mwenye pepo" kijijini, jina hilo humfuata shuleni hata akipona.
(d) Ikemee kufunga na kupiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtoto.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: chumba chenye kufuli huonekana haraka katika picha. Lakini nauli ya mama ili akae na mwanawe, dawa za kifafa zisizokatika, na mafunzo kwa wauguzi wa zamu ya usiku huzuia mengi zaidi.

Maswali ya kujadili
1. Katika usharika wetu, mtoto mkali hupelekwa wapi kwanza, na kwa nini?
2. Nani anaweza kumsindikiza mzazi hadi Mbeya?
3. Mtoto akirudi nyumbani, tutampokeaje ili asiogopwe?

Mvuvi wa Matema akiona mawingu yamekusanyika juu ya ziwa, haupigi mtumbwi wake. Huuvuta pwani mapema.