GIA, BREKI NA TAIRI KATIKA MTEREMKO WA GISENYI



Lori litokalo Mukamira kuja Gisenyi huteremka mamia ya mita hadi Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kama mita 1,460 juu ya bahari. Barabara hiyo hiyo ndiyo ipandayo na chai ya Pfunda na kreti za bia. Wengi wetu hatukai kwenye usukani, tunakaa juu ya mzigo. Hata hivyo yatupasa kujua ni kitu gani kinachozuia lori, maana likishindikana halichagui dereva na utingo.

Tuanze na hesabu. Lori la tani 10 likishuka kimo cha mita 700 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha pipa zima la maji baridi, lita 200. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Iliyobaki lazima iende mahali. Dereva akitegemea breki tu, joto hilo huingia katika dramu na lainingi. Lainingi ikipata moto mno hupoteza msuguano, mguu ukanyage usikanyage. Ndipo watu husema breki zimekatika, na mara nyingi hakuna kilichokatika: zimeungua.

Dawa ni gia, au vitesi kama wasemavyo hapa na ng'ambo ya Goma. Katika gia ndogo, kila mzunguko mmoja wa gurudumu huilazimisha injini izunguke mara nyingi zaidi. Wakati wa kupanda, hilo huipa injini uwezo wa kusukuma mzigo. Wakati wa kushuka mambo hugeuka: magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, nayo huyazuia, na joto hutokea kwenye ekzosi na rejeta. Madereva wazee hushuka kwa gia waliyopandia, na huiingiza kabla ya mteremko kuanza. Lori likishashika kasi gia ndogo haiingii tena, na dereva hubaki na gia huru mkononi.

Kuhusu gia huru, wapo wanaoamrisha itumike ili kuokoa dizeli. Ni ujinga mtupu. Injini nyingi za dizeli, zikisukumwa na magurudumu huku mguu umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta zenyewe; katika gia huru huendelea kuyanywa.

Sasa tairi. Kila tairi hugusa lami kwa eneo lipatalo ukurasa wa daftari. Mshiko wa eneo hilo ni akiba moja, inayogawanywa kati ya kufunga breki na kukata kona. Ukiimaliza yote kwenye breki, usukani haufanyi kazi. Kwa kilomita 60 kwa saa, hata lami ikiwa kavu, lori hutaka umbali mrefu kusimama baada ya breki kushika. Lami ikilowa, umbali huo huongezeka. Kasi ikiwa maradufu, umbali huwa mara nne. Tairi kipara haina mifereji ya kutoa maji, hivyo huelea juu yake.

Kwa hiyo idadi ya safari kwa siku ni suala la chama pia, kwani anayeshuka kwa gia ndogo huchelewa.

Utingo akisikia harufu ya kuungua, amwambie dereva mara moja. Wakishasimama, waweke vizuizi kwenye magurudumu na kuacha dramu zipoe zenyewe. Zikimwagiwa maji, hupasuka.