Udhibiti wa Usafiri wa Abiria: Nani Anasimamia, na Abiria Afanye Nini

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, chombo cha usafiri wa abiria hakitumiki kwa matembezi tu. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkulima anayepeleka vitunguu mnadani, mwanafunzi anayerejea shuleni na mtumishi anayefuata mkutano Babati, wote hutegemea basi, Noah au pikipiki. Nauli ikipanda bila utaratibu au gari likijazwa kupita kiasi, anayeumia ni mtu ambaye mara nyingi hana chombo kingine cha kuchagua. Hiyo ndiyo sababu ya Serikali kuingilia kati biashara hii, na ndilo somo la makala haya.

Chimbuko la udhibiti

Sheria Na. 9 ya mwaka 2001 ilianzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, iliyofahamika kwa jina la SUMATRA. Baadaye shughuli za majini zilihamishiwa kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 ikaunda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). LATRA ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji, kuidhinisha njia na ratiba, kupanga nauli na kusimamia ubora wa huduma.

Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mdhibiti anaweza kuusikia zaidi upande wenye sauti kubwa. Wamiliki wa mabasi wana vyama, wahasibu na mawakili. Abiria hutawanyika mara tu wanaposhuka stendi. Kwa hiyo lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC), ambalo kazi yake ni kuwasilisha maslahi ya watumiaji, kupokea maoni na malalamiko yao, na kuwaelimisha kuhusu haki na wajibu wao.

Nauli kikomo hukokotolewaje?

Nauli ya mabasi ya kwenda mikoani na wilayani hupangwa kwa kila abiria kwa kila kilomita. Kabla ya viwango kubadilishwa, wadau huitwa kutoa maoni: wasafirishaji hueleza gharama za mafuta, vipuri na matengenezo, nao watumiaji hueleza uwezo wao wa kulipa. Desemba 2023 LATRA ilitangaza kwamba kiwango cha daraja la kawaida katika barabara ya lami kimepanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47, na cha daraja la kati kutoka shilingi 56.88 hadi 67.84.

Tuchukue mfano wa safari ya kilomita 80 za lami. Kwa kiwango hicho, nauli ya daraja la kawaida ni 80 mara 48.47, yaani shilingi 3,877.60, ya daraja la kati ni shilingi 5,427.20. Basi la daraja la kawaida likidai shilingi 6,000 kwa safari hiyo, abiria ametozwa zaidi ya shilingi 2,000 juu ya kikomo. Neno kikomo lina maana yake: msafirishaji anaruhusiwa kutoza chini ya hapo, lakini si juu yake. Siku ya mnada, sikukuu au msimu wa mvua haibadilishi kikomo hicho.

Ni lazima pia kutofautisha barabara. Njia kuu ya Babati, Katesh hadi Singida ni ya lami, lakini sehemu kubwa ya njia zinazounganisha vijiji vya Mbulu na Hanang ni za vumbi. Kiwango cha barabara ya vumbi hutangazwa peke yake, nacho ni kikubwa kuliko cha lami, kwa sababu gari huchakaa haraka zaidi. Kabla ya kulalamika, abiria aulize kwanza: njia hii ina kilomita ngapi za lami, na ngapi za vumbi?

Nani anahusika na nini?

Malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa mahali pasipohusika. Nauli, leseni, tiketi na kukatisha njia ni mambo ya LATRA, ambayo ofisi yake ya mkoa ipo Babati. Mwendo kasi, ulevi wa dereva na kujaza abiria kupita kiasi hushughulikiwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Ubovu wa barabara za wilaya ni wa TARURA, na wa barabara kuu na za mkoa ni wa TANROADS. Usafi, mwanga, vyoo na utaratibu wa stendi ni wajibu wa Halmashauri.

Ushahidi uko mikononi mwa abiria

Mdhibiti hawezi kuwa katika kila gari. Mabasi ya masafa marefu yana mfumo wa kufuatilia mwenendo, unaoonesha gari linapozidi kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, mfumo huo hauoni nauli iliyotozwa mlangoni. Kwa sababu hiyo tiketi ina thamani. Tiketi yenye namba ya gari, tarehe, safari na kiasi halisi kilicholipwa ndiyo uthibitisho wa malalamiko, na ajali ikitokea husaidia kuthibitisha kwamba mhusika alikuwa abiria anayestahili fidia ya bima. Abiria anayekubali kupanda bila tiketi ili apunguziwe shilingi mia tano ameuza haki hiyo kwa bei ndogo sana.

Ipo hofu ya kweli ambayo haifai kupuuzwa. Katika kijiji chenye gari moja tu kwa siku, wananchi huogopa kwamba wakilisema, gari litaondolewa nao watabaki wakitembea kwa miguu. Hofu hiyo hupungua malalamiko yanapotolewa kwa pamoja. Serikali ya kijiji inaweza kuandika barua moja yenye mambo mawili: kosa linalofanyika, na ombi kwamba njia hiyo ipatiwe magari zaidi yenye leseni. Barua ya namna hiyo humpa mdhibiti sababu ya kuongeza huduma, badala ya kuadhibu peke yake.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Nauli halali ya kutoka kijijini kwetu hadi makao makuu ya wilaya ni kiasi gani, na je, imebandikwa mahali panaposomeka?
2. Ni magari mangapi yanayotuhudumia yana leseni ya njia hii?
3. Nani miongoni mwetu atatunza nakala za tiketi na kuwasilisha malalamiko kwa niaba ya wote?