MARADHI YA POLIO NA WAJIBU WA BABA

Ijulikane ya kwamba polio huingia kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichoingiwa na najisi. Kisha huenda ikashika mishipa ya fahamu, kiungo kikapooza. Dawa ya kukiponya kiungo hicho haipo. Iliyopo ni kinga.

Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio, na asili ya maradhi yale ilionekana kuwa ni Pakistani. Basi mtu wa pwani asidhani kuwa umbali ni ngome. Machi mwaka huo huo Tanzania iliwapa matone watoto wa chini ya miaka 5 katika mikoa iliyopakana na Malawi: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Busale ya Kyela imo mkoani Mbeya, na mpaka wa wilaya ile na Malawi ni mto Songwe tu.

Huenda baba akauliza: "Mbona kwetu hakuna aliyepooza?" Jawabu yake: katika watu 200 walioambukizwa hupooza kiasi cha mmoja, wengine huonekana wazima, na huku wanayaeneza. Aliyepooza mmoja ni dalili ya wengi wasioonekana. Kwa hiyo mtoto akilegea kiungo kwa ghafula, yapasa apelekwe hospitali upesi, choo chake kipimwe mara mbili katika siku 14 za kwanza.

Wala chanjo haipingani na tawakali. Nahodha humtegemea Mola, na nanga huitia. Mwenye mtoto asingoje kuona. Akiona, amekwisha chelewa.