Kamyo inachemka na nguvu inapotea: tuanzie wapi?

Wengi wenu muko na baba ao kaka anayeendesha kamyo kati ya Kolwezi na Likasi, ao mpaka Kasumbalesa pa mupaka wa Zambia. Kwa hiyo funzo la leo si la kilasi cha mekanike peke yake. Na wale wa kilasi cha biolojia wasome pia, sababu siku moja watakuwa ndani ya kamyo kama vile wengine.

Ulizo ni hili. Kamyo imebeba tani 30, inapanda toka bonde la Lualaba. Mushale wa joto unapanda, nguvu inapotea gafula, shofere anakanyaga mpaka chini lakini kamyo haiitiki. Boyi-shofere anaruka chini na bido ya maji. Pale ndipo watu wanaungua uso, na pale ndipo motere zinapasuka.

Tuanze na maji. Katika fizike tunajifunza kwamba maji yanachemka kwa digri 100. Ni kweli kule Muanda kando ya bahari. Lakini Kolwezi iko karibu meta 1400 juu ya bahari, hewa yetu inakandamiza kidogo, na sufuria ya mama inachemka kwa digri 95 hivi. Radiatere si sufuria. Kifuniko chake kina risori inayofungia presio ndani, na maji yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko wakati motere ingali ya moto, presio inatoka mara moja, na maji yale yanageuka mvuke saa ile ile na kuruka usoni pako. Kitambaa mukononi hakisaidii kitu. Tungoje nusu saa kwa uchache, mpaka tiyo ya juu ya radiatere inashikika kwa mukono.

Je, tuzime motere ao tuiache izunguke? Mafundi wanabishana sana juu ya hii. Sisi tunasema: kwanza macho. Kama mukanda umekatika, ao maji yanamwagika chini, tuzime mara moja. Kama mukanda unazunguka na maji yangalimo, tuiache izunguke polepole dakika chache bila kazi, ili maji yaendelee kutoa joto ndani ya kulase na turbo. Tena tusidanganywe na mushale. Ukishuka gafula wakati mvuke unatoka, ile haimaanishe motere imepoa. Maji yamekwisha, na kile kipimo kinachopashwa kuguswa na maji kinaguswa paka na hewa. Hii ni hatari kuliko mushale uliopanda.

Sasa kuna neno moja la kumuuliza shofere, nalo linapita vyombo vyote vya garaji: nini ilianza, joto ao kukosa nguvu? Tumuulize kwa heshima, sababu wengi wanazania tunawashitaki. «Papa, wakati mushale ulikuwa ungali chini, kamyo ilikuwa inavuta muzuri?»

Akijibu kwamba ilivuta muzuri mpaka joto likapanda, tutafute kwa upande wa maji: tiyo iliyopasuka, mukanda, pompi, termostati iliyokwama, ventilatere. Mukanda ukikatika, mara nyingi taa ya batri inawaka pia, kwa kuwa ni ule mumoja unaozungusha vyote viwili. Kamyo nyingi za sasa ziko na kompyuta ndogo inayokata nguvu yenyewe joto likizidi. Shofere anasema motere imekufa, kumbe inajilinda. Kamyo za zamani hazina mulinzi yule. Pistoni zinavimba kwa joto na kuanza kukwama ndani ya silinda.

Lakini akijibu: «Aa, mwana wangu, tangu Fungurume ilikuwa nzito, nilikuwa paka mu ya pili», basi tuache maji kwanza. Joto lilikuja nyuma, kama vile mutu anayetoka jasho juu ya muzigo. Pengine freni moja imekwama. Pitisha mukono karibu na kila gurudumu bila kuligusa, utasikia ile ya moto kuliko zingine. Ao filitre ya mazutu imeziba, ao tiyo ya turbo imetoka, ao motere inakosa hewa.

Mwaka uliopita, mu kiangazi, tuliona jambo hili kwa macho yetu. Familia moja ilikuwa na kamyo ya kubeba magunia ya unga. Ilichemka mara tatu njiani. Garaji moja iliwaambia kwamba kulase imeharibika, wanunue ingine, na baba alianza kutafuta mutu wa kununua kiwanja chake. Mwalimu wetu wa mekanike akaomba kwanza tuitazame. Mafuta ya motere yalikuwa meusi, si meupe kama maziwa. Motere ilipopoa tukafungua radiatere, tukaiwasha: hakuna povu lililotoka. Maji hayakupunguka. Kama juani ya kulase ingekuwa imepasuka, moja ya alama zile ingepashwa kuonekana. Moshi ulikuwa mweusi tu, na mushale ulikuwa unapanda kisha nguvu kupotea.

Tulipotoa filitre ya hewa, ilikuwa nyekundu na nzito kama tofali. Ni vumbi la njia zetu, lile linaloruka toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kenda. Mazutu bila hewa ya kutosha haiungui yote: nguvu inapunguka, moshi unakuwa mweusi, na motere inatupa joto kali kwa njia ya moshi. Kwa urefu wetu wa meta 1400 hewa imekwisha kupunguka karibu 15 kwa mia kabla ya kufika kwa filitre. Motere ilikuwa inakabwa mara mbili.

Na si filitre peke yake. Kamyo ile ina radiatere mbili, moja mbele ya ingine: ya mbele inapoza hewa ya turbo, ya nyuma inapoza maji. Ukisimama mbele unaona ile ya kwanza, nayo ilikuwa safi, boyi aliiosha kila juma. Kati ya zile mbili, pahali jicho halifiki, tulikuta mbegu za majani, wadudu na vumbi lililoshikana na mafuta, nene kama blanketi. Hewa haikupita. Kulase ilikuwa nzima, na kiwanja hakikuuzwa.

Kuosha pahali pale kunaomba uvumilivu. Tulegeze radiatere ya mbele, tumwage maji ya sabuni toka upande wa motere kuelekea mbele, kinyume cha njia ya hewa, polepole. Maji ya nguvu nyingi yanakunja zile sahani nyembamba. Na filitre ya karatasi tusiipige-pige juu ya tairi kama tunavyoona pa stasio. Karatasi inapasuka kidogo tu, na vumbi linaingia ndani ya silinda kufanya kazi ya musasa.

Maulizo

1. Boyi-shofere anataka kumwaga maji ya baridi ndani ya motere iliyokauka na ingali ya moto. Kulase ya chuma itapata nini, na juu ya nini?

2. Kamyo inachemka paka ikipanda mulima, na inapoa ikisimama. Mutamuuliza shofere nini mbele ya kufungua kifuniko chochote?

3. Mushale umeshuka gafula, mvuke unatoka. Shofere anafurahi, anataka kuendelea mpaka Likasi. Mumujibu.