Maji, Kimeng'enya na Muhogo Mchungu

Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu elfu moja katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, walikakamaa na kupooza miguu kwa ghafla. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina litokalo katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1985 ulizuka pia wilayani Tarime, Tanzania. Aliyepooza hivyo hana dawa ya kumponya. Kote ulikotokea, chakula kikuu kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Je, haraka hiyo ilidhuru kwa njia gani? Jawabu limo katika kemia ya viumbe hai.

Sumu na kimeng'enya

Seli za muhogo zina linamarini, molekuli ndogo ambayo ndani yake sukari ya glukosi imeshikamana na sehemu yenye sianidi. Linamarini hukaa katika kifuko cha maji kilichomo ndani ya seli. Kimeng'enya kiitwacho linamaresi hukaa mbali nayo, katika ukuta wa seli. Maadamu mzizi ni mzima, viwili hivyo havikutani. Mnyama autafunapo, kuta huvunjika, vitu hivyo hukutana, na sumu hutoka. Hiyo ndiyo silaha ya mmea.

Kimeng'enya ni protini, yaani molekuli kubwa iliyoundwa kwa asidi amino nyingi zilizofuatana kama shanga katika uzi. Uzi huo hujikunja ukapata umbo maalumu lenye kishimo ambamo linamarini huingia. Humo, kwa kutumia molekuli moja ya maji, glukosi hutenganishwa na sehemu iliyosalia. Sehemu hiyo nayo huvunjika na kutoa sianidi ya haidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za sentigredi. Kwa hiyo huruka hewani upesi. Kimeng'enya chenyewe hakipungui, bali hurudia kazi ileile mara nyingi.

Kwa nini moto peke yake hautoshi

Yawezekana kudhani kwamba kuchemsha huondoa sumu yote. Sivyo. Linamarini huvumilia maji ya moto, lakini kimeng'enya hakivumilii: joto huukunjua uzi wa protini, na umbo likipotea, kazi hukoma. Muhogo mchungu ukitiwa chunguni ukiwa mzima, kimeng'enya huharibika kabla ya kumaliza kazi, na linamarini hubaki. Kuanika vipande vikubwa bila kuviponda kuna kasoro pia, kwa sababu maji hukauka kabla sumu haijavunjwa.

Ndiyo maana desturi ya wakulima wengi ni kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi hadi muhogo ulainike, kisha kuponda, kuanika na kupika. Bakteria hulainisha kuta za seli, na kimeng'enya hupata maji na muda. Wakati wa njaa siku hizo hupunguzwa, na hapo ndipo hatari huingia.

Unga uliokwisha kusagwa bado unaweza kusafishwa. Huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo.

Kinga ya mwili

Sianidi huzuia kimeng'enya kinachoiwezesha seli kutumia oksijeni. Hata hivyo, mwili una kimeng'enya chake, rodanesi, kinachogeuza sianidi kuwa thayosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa itokayo katika baadhi ya asidi amino za chakula. Alaye muhogo siku zote bila samaki, nyama wala maharage hupungukiwa na salfa, na kinga yake hudhoofika. Hivyo konzo ni ugonjwa wa upungufu wa aina mbili: maandalizi pungufu na protini pungufu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kuponda muhogo huharakisha kutoka kwa sumu?
2. Eleza kwa nini maji lazima yatangulie moto.
3. Maharage humsaidiaje mtu alaye muhogo?