Chuma Kinarudisha: Vidokezo kwa Wenye Bunduki za Kuwindia

Bunduki ikitoka kwa mhunzi, mwenyewe hatulii mpaka aijaribu. Iwe Kasongo mjini au kule Kabambare, atazunguka nyuma ya nyumba akitafuta kitu kinacholia: janti la pikipiki, jembe kuukuu, kipande cha pipa. Mjomba wangu alichagua jembe. Lililia ngaa!, naye papo hapo akashika shavu. Chembe ya risasi, ndogo kama punje ya mtama, iko chini ya ngozi hadi leo, na watoto wanashindana kuigusa. Ingepanda vidole viwili tu, leo tungekuwa tunamshika mkono njiani.

1. Jua risasi inavyofanya ikikutana na chuma. Lugha yetu imeshasema: jina la madini ndilo jina la kinachoruka, na madini hayo ni laini. Yakigonga bamba gumu lililo bapa, yanapasuka kama yai, na vipande vinatawanyika pembeni, sambamba na uso wa bamba. Lakini jembe lina tumbo, janti lina mdomo, pipa lina mikunjo. Vipande vinafuata mkunjo mpaka vikutazame wewe. Bamba lililokwisha kuchimbwachimbwa ni baya zaidi: kila kishimo ni kibakuli kinachorudisha vipande kule risasi ilikotoka.

2. Wanaopiga chuma kwa mchezo wana masharti yao. Kwenye viwanja vya shabaha bamba ni la chuma kigumu cha kazi hiyo, halina kishimo, limening'inizwa kwa mnyororo, uso umeinamishwa kidogo ili vipande viishie chini. Bastola inapigwa kutoka mita 10 au zaidi, bunduki ya risasi ya kasi kutoka mita 100. Risasi yenye kiini cha chuma hairuhusiwi. Sasa hesabu, kaka: kutoka jikoni kwako hadi kwenye lile janti ni hatua ngapi? Na vile vipande vya nondo vinavyoshindiliwa ndani ya gobore havipasuki kama risasi. Vinarudi vizima.

3. Piga mgomba. Hautalia ngaa, nakubali, ila utakufundisha zaidi. Tundika jani pana la mgomba mbele ya ukingo wa udongo laini, rudi hatua 25, piga. Kisha liendee ukalichunguze: matundu yako wapi, yamekusanyika au yametawanyika, yameegemea kushoto? Hapo umeijua bunduki yako, jambo ambalo mlio wa jembe haukuambii. Epuka ukingo wa changarawe nyekundu. Kokoto nazo zinarudisha.

4. Maji nayo ni chuma. Umemwona mtoto akirusha kijiwe bapa kikarukaruka juu ya mto? Risasi inayopigwa kwa kulala juu ya Luama au Lualaba inafanya hivyohivyo, ila yenyewe inavuka. Ng'ambo kuna mtu anayefua nguo, kuna mtumbwi, kuna mvuvi aliyeinama kwenye nyavu. Usipoona udongo nyuma ya shabaha, usipige.

5. Miwani. Hata ile ya mwendesha pikipiki ni afadhali kuliko macho matupu. Na watazamaji? Wengi wanadhani nyuma ya mpigaji ni salama. Mjomba alikuwa nyuma ya bunduki.

6. Gobore lina tabia zake. Lilikuja huku na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip, na Mkataba wa Brussels wa 1890, uliobana uingizaji wa bunduki za kisasa, uliliachia mlango gumegume, yaani gobore la jiwe. Ndiyo maana wahunzi wetu bado wanalijua kama wanavyolijua jembe. Pima baruti kwa kifuniko kilekile kila mara, wala usiongeze "kidogo" kwa ajili ya nguruwe mkubwa. Bomba halijui habari za nguruwe. Fataki ikilia tik na baruti isiwake, usichungulie mdomoni. Elekeza bunduki kwenye udongo, subiri dakika nzima. Moto mvivu upo.

7. Karatasi. Hapa Kongo uwindaji una sheria ya 1982, silaha zina yake ya 1985, na zote zinadai kibali. Usikiache nyumbani.

8. Nawa mikono kabla ya kugusa ugali. Risasi inaacha vumbi vidoleni, na madini hayo yanadhuru ubongo wa mtoto polepole bila kumpa homa. Nyama ikifika jikoni, papasa kuzunguka jeraha, toa chembe, kata na kutupa sehemu iliyosagika. Mama wa nyumba atalalamika kwamba nyama imepungua. Mwache alalamike.

9. Kuna chuma kisichopaswa kupigwa kwa lolote. Nchi hii imepita vita vingi, tangu waasi wa Simba wa 1964 hadi makundi ya siku hizi, na ardhi imebaki na vitu: guruneti lenye kutu kama kopo la nyanya, bomu lenye mabawa kama samaki. Vijana wanakiweka chuma hicho juu ya kisiki ili wajaribu shabaha, au wanakitupa motoni waone kama "bado kina nguvu". Kina. Ukikikuta, usikiguse wala usikisogeze. Rudi ukikanyaga nyayo zako mwenyewe, weka alama mbali, matawi makavu yaliyopishana njiani, kisha mwambie chifu wa kijiji, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kukutajia bei.