Jua Haki Zako: "Afande, unanijua mimi ni nani?"

Tuseme ni jioni ya mavuno hapa Sigino. Mahindi yameuzwa, fedha zipo mfukoni, na kilabuni hakuna pa kukaa. Mzee mmoja, mtu mpole kabisa akiwa mzima, anazozana na mama muuzaji juu ya chenji ya shilingi elfu mbili. Sauti zinapanda, meza inapinduka, vyombo vinavunjika. Kuna aliyepiga simu, na baada ya muda wanafika askari wawili pamoja na mgambo wa kata. Mmoja anasema taratibu, "Mzee wangu, hebu toka nje tuongee." Mzee anasimama akiyumba, anamkamata askari ukosi wa shati na kumuuliza, "Wewe kijana, unanijua mimi ni nani?"

Mfano huu nimeutunga, lakini sidhani kama kuna mtu wa Sigino, Bonga au Babati mjini ambaye hajawahi kuushuhudia. Nauandikia safu nzima kwa sababu nimeona familia zikiuza mbuzi, kisha ng'ombe, kwa jambo lililoanza na chenji.

Hadi pale alipoushika ukosi, mzee alikuwa na shauri dogo. Angelipa vyombo, mwenyekiti wa kitongoji angewakalisha kesho yake yeye na mama muuzaji, wakaombana radhi. Hata kama lingefika mahakamani, Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 16 ya sheria zetu, inasema katika kifungu cha 89 kwamba kutukana au kufanya fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani ni kosa lenye kifungo cha hadi miezi sita. Lakini kumshambulia askari polisi aliye kazini, au kumzuia kwa makusudi asifanye kazi yake, ni kosa jingine. Kwa namba za toleo la 2022 ni kifungu cha 243, na adhabu yake ni hadi miaka mitano jela. Mzee ametoka kwenye miezi na kuingia kwenye miaka, na hajampiga mtu hata kofi.

Lisome vizuri neno "kumzuia". Wengi wanadhani mpaka askari atoke damu ndipo kuna kosa. Sivyo. Kujilaza mbele ya difenda, kumng'ang'ania mwenzako asipandishwe, kumpokonya askari pingu au simu, yote hayo yanaweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Na kifungu hakimlindi askari peke yake, kinamlinda pia anayemsaidia. Yule mgambo unayemdharau kwa kuwa mnatoka kitongoji kimoja na ulimjua tangu akiwa mtoto, jioni hiyo akiwa anamsaidia polisi, ana kinga ileile.

Hapa ndipo mashemeji wanapoponzwa. Mlevi ni mmoja, lakini wanaoshtakiwa wanakuwa watatu, kwa sababu wawili walikwenda "kumwokoa ndugu yao". Kama kweli unampenda ndugu yako, shika mikono yake mwenyewe, mtulize, kisha muulize askari kwa heshima anapelekwa kituo gani. Jina la kituo litamfaa kuliko ngumi zako.

Sasa tuje kwenye utetezi ambao kila mtu anao mdomoni: "Nilikuwa nimelewa, sikujua nilichofanya." Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinajibu moja kwa moja kwamba ulevi si utetezi dhidi ya shtaka la jinai, isipokuwa katika hali chache. Ya kwanza ni pale ulipolevywa bila ridhaa yako, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine, hadi hukujua unachofanya au hukujua kuwa ni kibaya. Aliyewekewa dawa kwenye kinywaji anaingia hapa. Aliyeagiza mwenyewe, akaongeza, akakopa nyingine, haingii. Ya pili ni pale ulevi ulipofikia kuwa wazimu hasa, hata kama ni wa muda. Mzigo wa kuthibitisha wazimu huo ni wa mshtakiwa, na si mwepesi.

Kuna mlango wa tatu, na huo ni mwembamba zaidi. Mahakama inatakiwa kuuzingatia ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia ambayo kosa husika linaidai. Jambo hili hujitokeza zaidi kwenye kesi za mauaji, ambako nia ndiyo inayotenganisha kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kunyongwa, na kuua bila kukusudia. Mwaka 1956, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Cheminingwa, ilieleza kwamba mshtakiwa anayesema tu kuwa ulevi ulimnyima nia hatakiwi kubebeshwa mzigo wa kulithibitisha hilo. Upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha nia. Lakini mzee wetu asijipe moyo sana. Aliyeweza kumwita askari "kijana", akauona ukosi na kuulenga kwa mkono, atapata shida kumshawishi hakimu kwamba hakuwa na nia yoyote.

Hayo ni ya upande mmoja. Upande wa pili nataka usikike kwa sauti ileile, kwa sababu vituoni huwa unasahauliwa: kulewa hakumvui mtu haki zake. Mlevi ni binadamu, na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu yeyote kuteswa au kutendewa kinyama na kwa kudhalilishwa. Haikusema "isipokuwa amelewa".

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu askari kutumia nguvu pale mtu anapokataa kukamatwa au kujaribu kutoroka. Ila nguvu hiyo ina kipimo chake, nayo ni kile kinachohitajika ili ukamatwe na usitoroke. Ukishafungwa pingu, ukiwa umekaa chini umetulia, teke linalofuata si ukamataji tena. Unayo haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa. Mwanamke akipekuliwa, anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Ukiwa na jeraha au maradhi, unayo haki ya kuomba matibabu, na hili ndugu walisisitize kwa upole bila kuchoka, maana mtu aliyeangukia kichwa huweza kuonekana mlevi kumbe anakufa. Nimekutana na wanaodhani kila anayekoroma mahabusu amelala usingizi wa pombe.

Ukiumizwa wakati wa kukamatwa, omba fomu ya PF3 mapema, ukatibiwe na majeraha yaandikwe na mganga akiwa anayaona. Jeraha la leo lililoandikwa leo lina uzito mbele ya hakimu. La wiki mbili zilizopita, lililobaki kovu na maneno, linabishaniwa.

Kituoni utavuliwa mkanda na viatu, na vitu vyako vitachukuliwa: simu, kitambulisho, fedha. Dai viandikwe kimoja kimoja, fedha zihesabiwe mbele yako, na usome kabla ya kusaini. Kama hujiwezi, mwombe ndugu aliyekufuata ashuhudie. Ugomvi wa asubuhi juu ya "elfu sitini yangu iko wapi" mara nyingi hutokana na karatasi iliyosainiwa usiku na mtu asiyeona mstari.

Kisha kuna maelezo ya onyo. Askari anayekuhoji anapaswa kukutajia jina na cheo chake, akueleze kosa unalotuhumiwa kwa lugha unayoifahamu vizuri, na akuonye kwamba hulazimiki kujibu. Wapo wazee wetu ambao Kigorowa au Kiiraqw ndiyo lugha ya moyoni na Kiswahili ni cha sokoni. Ni haki yao kulisema hilo. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sentensi ninayotaka uikariri leo ni hii: "Afande, sikatai kuhojiwa, ila naomba nihojiwe nikiwa mzima, na ndugu yangu awepo." Ukishasaini maelezo, na ukayaona mahakamani yakitolewa kama ushahidi, pinga palepale kabla hayajapokelewa, useme kwamba hukuyatoa kwa hiari au hukuwa na akili zako. Ukinyamaza siku hiyo, kulalamika kwenye rufaa ni kuchelewa.

Mtu aliyekamatwa bila hati hatakiwi kukaa mahabusu zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani au kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa kwenye makosa mazito. Na dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiambiwa "toa ya mafuta ya gari", omba risiti, kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Wewe nawe usimpe askari "ya soda" ili akuachie. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wana kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na hilo lingekuwa shtaka la pili juu ya la kwanza.

Nimeliacha mwisho jambo linaloniuma kuliko yote. Asubuhi, mzee wetu anasimamishwa mahakamani, hana wakili, kichwa kinamgonga, ana aibu mbele ya wanawe. Anasomewa shtaka. Anajibu kwa adabu, "Ni kweli mheshimiwa, ila nilikuwa nimelewa." Yeye anadhani ameomba radhi. Mahakama inaweza kusikia amekiri kosa. Na sheria inasema aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anaweza tu kulalamikia adhabu. Ni kweli kwamba tangu shauri la Laurence Mpinga la mwaka 1983, Mahakama Kuu imeonyesha njia kwa mtu ambaye kukiri kwake kulikuwa na utata au kulitokana na kutoelewa. Lakini kuipita njia hiyo kunadai muda na mwanasheria. Kama kuna jambo hulikubali, jibu "si kweli", upate kusikilizwa. Kama hujaelewa, sema hujaelewa, usomewe tena.

Kama kweli ulikosa na unakiri ukijua unachokiri, hilo nalo lina heshima yake. Mwambie hakimu kwamba ni kosa la kwanza, una familia, na umekwisha kumwomba radhi askari na mama muuzaji. Pale mahakama inapoona kifungo kisichozidi miaka mitatu kinatosha, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mkosaji kutumikia adhabu nje ya gereza kwa kazi ya jamii. Uliza habari hiyo, maana wengi hawaulizi.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza waliko. Malalamiko dhidi ya askari yapeleke kwa mkuu wa kituo, ukikwama nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya au wa mkoa, na pia ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mahakama Kuu nayo sasa ina masjala ndogo ya Manyara hapahapa Babati, wakati zamani tuliifuata Arusha.

Ndugu msomaji wa Sigino, kata yako ina mkaguzi wake wa polisi. Nenda kamsalimie siku ya kawaida, mchana, ukiwa mzima. Jua jina lake, naye ajue lako.